Kufufua Alfa Romeo Giulia Super nyumbani: bati kwanza, injini baadaye

Giulia ilizinduliwa Monza mwaka 1962, na toleo la Super likafuata 1965. Ukilitazama kwa nje ni boksi la milango minne, gari la kupeleka watoto shule. Fungua boneti sasa: injini ya alumini ya cc 1,570, kamshafti mbili juu, kabureta mbili zenye koo mbili kila moja. Chini yake kuna giaboksi ya gia tano na breki za diski magurudumu yote manne. Polisi wa Italia hawakulichagua kwa bahati.

Wengi wanaolinunua hukimbilia injini kwa sababu ndiyo tamu. Wanakosea. Spea za injini hii bado zipo kwa wauzaji wa Italia, Ujerumani na Uingereza, na kazi yake inajulikana vizuri. Kinacholiua gari hili ni kutu. Injini uliyoifunga upya ikikaa miaka miwili chini ya turubai ikisubiri bodi, utaifungua tena. Kwa hiyo fuata mpangilio huu hata kama unakuchosha.

Hatua ya 1: Kulisoma gari kabla ya kushika spana

Namba ya bodi imegongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Super 1600 ni 105.26, na injini yake ya asili imegongwa AR 00526 kwenye bloku. Zisipolingana na karatasi, gari bado linafufulika, ila bei lazima ishuke. Kituo cha kumbukumbu cha Alfa Romeo kilichopo Arese hutoa cheti kinachoonyesha tarehe gari lilipotengenezwa na rangi yake ya kwanza. Kiombe sasa, kabla hujachagua rangi.

Kisha chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba na bisibisi ya zamani. Pita maeneo haya: vizingiti (lile boksi la bati linalopita chini ya milango), sehemu za kuingizia jeki, sakafu chini ya miguu ya dereva na abiria, shimo la tairi la akiba ndani ya buti, kingo za chini za milango, matao ya magurudumu ya nyuma, na bati la chini ya kioo cha mbele. Sumaku isiposhika, hapo kuna puti, ule mchanganyiko wa kujazia mashimo ya bodi. Bisibisi ikizama, hapo hakuna gari. Inua zulia lote, usiridhike na kona moja.

Kama injini inazunguka, pima mgandamizo wa kila silinda ikiwa na joto, plagi zote zimetolewa na mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Tofauti kati ya silinda bora na mbovu ikizidi asilimia 10 hivi, andika pembeni. Matokeo hayo yatakusaidia kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Kufungua

Toa tenki la mafuta kwanza, lipeleke nje kabisa. Lami iliyopakwa chini ya gari hushika moto ukianza kuchomelea, na mvuke wa petroli haungoji. Kizimamoto kikae mkononi, si kabatini.

Kila bolti iingie mfuko wake wenye jina, na kila kiungo kipigwe picha kabla na baada. Usitupe kipande chochote cha zamani, hata kilichooza, mpaka kipya kifungwe na kifanye kazi. Mpira uliokatika ndio utakaokuonyesha mpya ukae upande gani. Vumbi la breki, klachi na gasketi za enzi hizo linaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo usilipulize kwa kompresa. Lowesha, futa, funga ndani ya mfuko. Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na risasi, vaa barakoa ya vichujio unapopiga msasa.

Hatua ya 3: Vizingiti

Hapa ndipo kazi ilipo. Kizingiti cha Giulia si bati moja, ni matabaka matatu: la nje unaloliona, la kati lililosimama wima, na la ndani lililoshikana na sakafu. Gari halina fremu ya kujitegemea, hivyo uti wa mgongo wake ni hayo matabaka. Tope linalorushwa na gurudumu la mbele hujaa kwenye ncha ya mbele ya boksi, unyevu unabaki humo, na tabaka la kati huoza kabla la nje halijaota hata kipele. Vipele vikionekana nje, ndani kumeshakwisha.

Ndiyo maana kuna magari mengi yenye kizingiti cha nje kipya kilichobandikwa juu ya uozo. Pitisha ile kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu kwenye tundu la kutolea maji, uangalie tabaka la kati mwenyewe.

Utaratibu ni huu:

1. Gari lisimame kwa uzito wake. Weka stendi chini ya ekseli ya nyuma, na mbele chini ya mikono ya chini ya sespensheni. Ukilitundika kwa katikati, bodi hulegea kidogo, ukachomelea ule ulegevu, na milango haitafunga tena maisha.
2. Pima mishazari ya kila uwazi wa mlango. Andika vipimo kwenye tepu ya karatasi na uibandike palepale juu ya nguzo.
3. Toa milango, kisha chomelea vyuma vya mraba vya mm 25 kutoka nguzo hadi nguzo, kimoja mlalo na kimoja mshazari, kwenye uwazi wa mbele na wa nyuma.
4. Fanya upande mmoja hadi uishe. Ukikata pande zote mbili kwa pamoja, umekata mgongo.
5. Kata tabaka la nje kwa diski ya mm 1, ukiacha ukingo wa sentimita 2. Ukingo huo utoe baadaye kwa kutoboa zile nukta za kuchomelea za kiwandani kwa biti ya mm 8, halafu patasi nyembamba.
6. Fuata uozo hadi bati linalong'aa. Bati la kuweka liwe la mm 1. Lililopakwa zinki linafaa pia, mradi uisage zinki mahali pa kuchomelea na usivute ule moshi mweupe.
7. Paka nyuso zitakazofichika praima ya zinki inayokubali kuchomelewa.
8. Toboa matundu ya mm 6 hadi 7 kwenye bati la juu, kila baada ya mm 35 hivi, uyajaze kwa MIG (mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi). Waya wa mm 0.6 na gesi ya argoni iliyochanganywa na CO2 ndiyo inayoelewana na bati jembamba.

Kabla ya kuchomelea tabaka la nje, lishike kwa klempu, toa vyuma vya kushikilia, rudisha milango na uifunge. Mwanya kati ya mlango na kizingiti uwe sawa kutoka mbele hadi nyuma. Haukai sawa? Sogeza sasa, klempu hailalamiki. Wanaoruka kituo hiki hulipa kwa kilo mbili za puti kwenye mlango wa nyuma.

Usivute mstari mrefu wa moto. Piga nukta moja mbele, moja nyuma, moja katikati, ngoja bati lipoe kiasi cha kushikika kwa kiganja, ndipo uendelee. Bati lililopikwa kwa mstari mmoja hujikunja kama chapati iliyosahauliwa kikaangioni.

Ukimaliza, ziba maungio kwa sili ya bodi, piga praima ya epoksi na rangi, na mwisho nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi kupitia matundu. Nta iwe ya mwisho, kwani ukiitanguliza kisha ukachomelea inawaka na rangi haishiki. Matundu ya kutolea maji yabaki wazi.

Sakafu na shimo la tairi hufuata mbinu ileile, ila ni rahisi zaidi. Rangi ya nje mpe mwenye chumba cha rangi. Nyumbani unaweza kuandaa vizuri, lakini vumbi na nzi watakushinda.

Hatua ya 4: Injini

Hedi ya alumini (kichwa cha injini) hukwama kwenye stadi za chuma, zile bolti zilizosimama kwenye bloku, kwa sababu ya kutu. Mwagia mafuta ya kupenya kila siku kwa wiki nzima. Legeza nati injini ikiwa baridi, kidogo kidogo, kwa mpangilio wa kitabu. Usichomeke bisibisi kati ya hedi na bloku, mkwaruzo mmoja pale ni hedi ya kupeleka kwa fundi wa mashine.

Hedi ikitoka, jambo la kwanza ni kubana slivu, ile mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka. Zimekaa tu ndani ya maji, hazikupigwa kwa nguvu. Ukizungusha krankshafti bila kuzibana kwa washa pana na nati kwenye stadi, pistoni huzinyanyua, sili za chini hupasuka, na maji yatateremka kwenye oili. Kosa hili dogo linageuza kazi ya gasketi kuwa kazi ya injini nzima.

Pima kwa rula nyoofu na fila geji, kila slivu sehemu nne: kingo za slivu zisiwe chini ya uso wa bloku, wala zisizidi mm 0.06 juu yake. Ikiwa chini, gasketi haibani na moto utapita. Angalia pia vile vipete vya mpira vinavyozunguka njia za oili kwenye gasketi. Vikizeeka ndipo oili na maji vinakutana na kifuniko cha oili kinaota ute kama maziwa ya mgando.

Krankshafti ina njia za oili zilizozibwa kwa vizibo. Toa vizibo, safisha, weka vipya. Uchafu wa miaka hamsini umejikusanya humo, na oili mpya itaupeleka moja kwa moja kwenye beringi mpya. Onyo jingine: baadhi ya injini hizi zina valvu za eksozi zilizojazwa sodiamu. Usizikate wala kuzitupa kwenye chuma chakavu cha kuyeyushwa.

Sasa shimu za valvu, vile vidiski vyembamba vinavyorekebisha nafasi kati ya kamshafti na valvu, mahali ambapo watu hukata tamaa. Shimu iko chini ya kikombe cha tapeti, juu ya ncha ya valvu, kwa hiyo kubadilisha moja lazima utoe kamshafti. Fanya kazi hedi ikiwa mezani juu ya vibao viwili, kwani ukiilaza kifudifudi valvu zilizofunguka zitapinda. Funga kamshafti moja tu kwa wakati. Zote mbili zikiwepo, valvu ya kuingiza na ya kutoa zinaweza kugongana. Pima nafasi zote nane, ziandike kwenye jedwali, kisha utoe kamshafti mara moja tu. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme kitabu cha injini yako kinataka 0.50 na umepata 0.35. Nafasi ni finyu kwa 0.15, basi shimu ipungue 0.15: ya 2.50 iondoke, ya 2.35 iingie. Shimu huuzwa kwa hatua za mm 0.025. Ukisita kati ya mbili, chukua nyembamba. Valvu yenye kelele kidogo ni salama kuliko isiyofunga, hasa ya eksozi, ambayo hurefuka kwa joto hadi ikaungua kingo.

Wakati wa kufunga cheni, pistoni ya kwanza iwe juu kabisa kwenye mgandamizo, alama ya P kwenye puli ikiwa mahali pake. Nundu za silinda ya kwanza zielekee nje, kila moja upande wake, na mstari ulio kwenye kila kamshafti ukutane na alama ya kofia ya kwanza ya beringi. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili na uangalie tena. Ikigoma, usilazimishe.

Hatua ya 5: Kabureta na moto

Kabureta hukaa kwenye vikalio vya mpira uliogandishwa kwenye chuma. Vikipasuka, hewa huingia kisirisiri, mchanganyiko unakosa petroli, gari linapiga chafya na pistoni zinaweza kutoboka. Badilisha vyote pamoja, na urudishe ule mkono wa chini unaobeba uzito wa kabureta. Wengi huutupa, kisha hushangaa mipira mipya kupasuka. Mipira yote ya petroli iwe ya aina inayostahimili ethanoli.

Mpangilio wa kuwasha ni 1-3-4-2. Kwenye puli, P ni pistoni juu, F ni pembe ya moto injini ikiwa imetulia, M ni pembe ya juu kabisa. Tumia taa ya taiming na uhakikishe M kwenye mizunguko kama 5,000. Sawazisha kabureta baada ya valvu na moto kukaa sawa, kamwe si kabla.

Hatua ya 6: Chini ya gari

Giaboksi ikiwa nje, fungua uangalie sinkronaiza ya gia ya pili, kile kipete kinacholinganisha kasi gia inapoingia. Ndiyo inayokufa kwanza, na dalili yake ni kukwaruza ukishusha kutoka ya tatu. Weka alama kwenye vipande vya propela shafti kabla ya kuvitenganisha, la sivyo itatetemeka. Kiungo kikubwa cha mpira cha mbele kinakuja kimezungushiwa mkanda wa chuma. Ukate baada ya bolti zote kuingia, maana bila huo hutaziingiza.

Bushi za sespensheni kaza mwisho gari likiwa limekanyaga ardhi. Ukikaza magurudumu yananing'inia, mpira unakaa umesokotwa na kuchanika mapema. Magari ya mwanzo yana breki za Dunlop, ya baadaye ATE. Jua lako kabla ya kuagiza, hazibadilishani. Mipira yote ya breki iwe mipya, fluidi ya DOT 4.

Hatua ya 7: Kuwasha

Oili 20W-50. Kwenye rejeta weka kulanti (kimiminika cha kupoza injini) yenye kinga ya alumini. Maji ya bomba peke yake yataanza kula hedi uliyoigharimia. Toa plagi, zungusha kwa stata vipindi vya sekunde kumi hadi geji ya oili inyanyuke, ndipo urudishe plagi na kuwasha. Geji isipopanda ndani ya sekunde chache injini ikishawaka, zima.

Kilomita 1,000 za kwanza usizidishe mizunguko 4,000 wala usiibebeshe gia kubwa kwenye mlima. Zikiisha, mwaga oili, badilisha chujio, kata lile la zamani uangalie mikunjo yake kwa tochi. Unga wa kijivu kidogo ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa kama shaba ni beringi, na gari lisitembee tena mpaka sampu, bakuli la oili chini ya injini, ifunguliwe.