Mwandalie fundi wako daftari la kazi kabla ya kumpeleka VETA

Hili nimelijifunza katika karakana ya useremala hapa Mwanjelwa, Mbeya. Ikiwa una fundi aliyejifunza kazi kwa vitendo, asiye na cheti, na unataka aingie katika mpango wa serikali wa kurasimisha ujuzi unaotekelezwa kupitia VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi), mfungulie daftari miezi kadhaa kabla, uandike kila kazi aliyoifanya na kuitia sahihi. Andika kwa undani: "Fremu ya mlango, mbao za paini za Mafinga, amepima na kuunga mwenyewe, randa ya mkono." Maneno kama "fundi mzuri, mwaminifu" hayamsaidii mtahini hata kidogo. Mpango huu hupima kile ambacho mtu tayari anakiweza, kisha humfundisha yale tu yanayompungukia. Kwa hiyo daftari humpa fundi jambo la kulieleza anapohojiwa, hasa yule mwenye mikono hodari lakini mzito wa kujieleza, na hao ndio wengi katika karakana zetu. Nawe mwajiri utaliona pengo lake mapema: ukurasa mzima bila kazi yoyote ya kusoma mchoro ni ishara tosha, na wakati wa kumfundisha bado upo.

Daftari halitamfaa kijana anayeanza kazi leo, kwa kuwa hana ujuzi wa kutambuliwa. Huyo mtafutie nafasi ya uanagenzi. Wala usilijaze kwa siku moja, maana jaribio la vitendo litamwumbua fundi wako mbele ya watahini.