Nairobi au Kampala: namna ya kuchagua kwa anayehama kutoka Kigoma

Anayekusudia kuondoka Kigoma kwenda kutafuta maisha nchi jirani hapungukiwi na washauri, na kila mmoja husifu mji aliofikia yeye. Sifa hizo zisikuamulie. Anza na kazi unayoiweza, kisha uliza ni mji upi utakaokulipa kwa kazi hiyo.

Ikiwa riziki yako inategemea kuzungumza na mteja, kama vile ususi, ushonaji au uuzaji wa dukani, Nairobi ni nyepesi zaidi kwako, kwa kuwa Kiswahili, ambacho Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, utakisikia ndani ya matatu na katika soko la Gikomba. Kampala mtaani hutawala Kiganda, hivyo jiandae kujifunza angalau namba na maneno ya bei kabla hujafungua biashara. Anayefuata masomo, kwa upande wake, ningemwelekeza Kampala, kiliko Chuo Kikuu cha Makerere kilichoanzishwa mwaka 1922.

Suala la nyumba linahitaji uangalifu mkubwa kuliko mengine yote. Sisi tumezoea kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka. Nairobi vyumba vingi hulipiwa mwezi kwa mwezi, pamoja na amana ya kuingilia. Usitoe fedha kabla hujafungua bomba kwa mkono wako, kwa sababu mitaa mingi hupata maji kwa mgawo, na habari za mgawo huo muulize mpangaji wa chumba cha pili, si dalali, ambaye hulipwa pale tu unapokubali. Kisha safiri kutoka chumbani hadi kazini saa kumi na mbili asubuhi: chumba rahisi cha Rongai, mji ulio nje kidogo ya Nairobi, huweza kumalizwa unafuu wake na nauli na foleni.

Mwenye wazazi wazee Ujiji akumbuke pia safari ya kurudi. Kampala ni karibu zaidi kwa barabara, kupitia Kasulu, Kibondo, Nyakanazi na Bukoba hadi mpakani Mutukula.

Mwisho ni hati: pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na kibali cha kazi, ambacho Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haikukifuta. Mwajiri akikuambia uingie kama mgeni kisha mtayamaliza hukohuko, usikate tiketi.