Miwaridi mifupi ya pinki yenye harufu: mwongozo kwa bustani za nyanda za juu

Picha huwa ni ileile. Mteja anafungua simu na kunionyesha nyumba ya mawe kijijini Uingereza, kijia cha changarawe, na pembeni miwaridi mifupi ya pinki iliyobanana na lavenda. "Nataka hivi." Hapa Arusha inawezekana, na vilevile Lushoto, Njombe au Limuru. Tofauti ni kwamba kule mwaridi hulala wakati wa baridi kali, na hapa haulali. Kule majira ndiyo yanayoupumzisha mmea na kuuamsha. Hapa kazi hiyo ni yako, na utaifanya kwa mkasi ukiangalia mvua. Karibu kila hatua hapa chini inatokana na hilo.

Hatua ya 1: Chagua aina kabla hujashika jembe

Ufupi na harufu ni tabia ya aina yenyewe. Hakuna mbolea inayotia harufu, na mwaridi wa kutambaa ukutani hata ukiukata kila wiki utaendelea kutafuta ukuta. Usidanganyike na miche inayotupwa na mashamba ya maua ya kuuza nje. Ile ilichaguliwa ili ua livumilie ndege na likae siku nyingi kwenye chombo. Shina lake ni refu makusudi, na harufu mara nyingi haipo.

Achana pia na aina za kale za Ulaya zinazochanua mara moja kwa mwaka. Zinahitaji baridi kali ndipo zifunge maua, na kwetu zitakupa majani tu. Tafuta zinazorudia kuchanua.

Ninazozipenda ni hizi. 'Old Blush', ya asili ya China, iliyofika Ulaya karne ya 18, haijali joto, haikatai udongo, na haikai bila ua. Harufu yake ni nyepesi na tamu. 'Souvenir de la Malmaison', iliyotolewa Lyon, Ufaransa, mwaka 1843, ina ua kubwa la pinki iliyopauka na harufu nzito, na kichaka chake cha kawaida hakizidi sana mita moja. Kasoro yake nitaieleza kwenye hatua ya mkasi. 'Comte de Chambord', nayo ya karne ya 19, ina pinki iliyokolea na harufu kali kuliko hizo mbili. Ukitaka ya karibuni zaidi, 'Sharifa Asma' ya David Austin, mzalishaji miwaridi wa Uingereza, mwaka 1989, ni fupi na ina harufu nzuri sana, ila jua la mchana huziunguza petali zake.

Sasa tuseme kweli: muuza miche wa kando ya barabara hana majina haya. Ana "ya pinki", "nyekundu" na "ile nyeupe". Basi nenda asubuhi, mnamo saa mbili au saa tatu, jua likiwa limeanza kupasha joto lakini halijakausha harufu. Nusa ua lililofunguka nusu, maana lililofunguka kabisa limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya harufu yake. Kisha tazama nafasi kati ya jani na jani kwenye shina. Zikiwa zimekaribiana, mche huo ni mfupi kwa asili; zikiwa mbalimbali, utarefuka hata kama leo uko kwenye kopo dogo. Mwisho, tafuta tumba, ua na kikonyo kikavu kwenye mche mmoja. Ukiviona vyote vitatu, unarudia kuchanua.

Hatua ya 2: Au uoteshe mwenyewe

Kwa tuta la chini mimi napendelea kipandikizi kuliko mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine. Shina la chini linalotumika kubebeshea huchaguliwa kwa nguvu zake, na nguvu hizo huufanya mwaridi uwe mkubwa zaidi. Uliosimama kwa mizizi yake mwenyewe kwa kawaida hubaki mdogo, na hautoi maotea ya mwituni kutoka chini.

Chagua tawi ambalo ua lake limetoka kunyauka, nene kama penseli. Kata urefu wa sentimita 15 hadi 20, chini ya jicho, pale chipukizi linapotokea. Ondoa majani yote ila mawili ya juu. Zamisha theluthi mbili kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, mwagilia, kisha funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, na weka kivulini. Mizizi huja kati ya wiki 4 na 8. Usivute kuangalia, majani mapya yakitoka na kuendelea kukua, imeshika.

Fanya hivi kwa aina za zamani tu. Aina mpya nyingi bado zinalindwa kisheria, na kuzizalisha kwa kuuza bila ruhusa ni kosa.

Hatua ya 3: Mahali na udongo

Jua la muda wa saa sita kwa siku ndilo la chini kabisa, na la asubuhi ni bora kuliko la jioni kwa sababu hukausha umande mapema. Umande unaokaa juu ya majani ndio mlango wa magonjwa.

Udongo wetu wa volkano chini ya Mlima Meru unapitisha maji vizuri. Chimba tuta lote kina cha sentimita 45, usichimbe vishimo vishimo. Changanya ndoo moja ya samadi iliyoiva kwa kila mche. Iliyoiva haina harufu ya zizi na haina joto ukizamisha mkono. Majivu ya jikoni yapeleke kwingine: mwaridi unapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 6 hadi 6.5, na majivu huvuta upande wa pili.

Maji nayo yana neno. Maji mengi ya kuzunguka Meru yana floraidi nyingi, hayohayo yanayotia meno rangi ya kahawia, na mara nyingi yana magadi. Ukimwagilia hayo kwa muda mrefu, majani machanga yanaweza kugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hapo udongo unaweza kuwa na chuma, lakini mmea unashindwa kukichukua. Wengi wakiona hivyo huongeza mbolea, na hali haibadiliki. Weka pipa la kukinga maji ya mvua, na tandaza mboji kwa wingi.

Hatua ya 4: Kupanda

Panda mvua zinapoanza. Nafasi ni sentimita 50 kati ya mche na mche, kwa pembetatu, si kwa mistari. Mistari ni ya mahindi. Miche mitatu ya aina moja pamoja hupendeza kuliko mitatu ya rangi tofauti. Kama ni ya kubebesha, kovu la kuungia likae juu ya udongo kwa vidole viwili. Kandamiza, mwagilia, weka matandazo ya nyasi kavu, lakini yasiguse shina.

Hatua ya 5: Mkasi na kalenda

Hapa ndipo bustani nyingi zinapoharibika. Kwa kuwa mwaridi haulali, usipokatwa huendelea kuchanua vibaya: maua madogo juu, miti mikavu chini.

Kutoka kukata hadi kuchanua kwetu ni wiki 6 hadi 8, mwezi wa baridi ukichelewesha kidogo. Anza na tarehe unayotaka maua, kisha rudi nyuma. Kata kubwa ifanye masika yanapoisha, mwishoni mwa Mei au mwanzo wa Juni. Ondoa kilichokufa, kilicho chembamba na kinachokatiza katikati, halafu punguza theluthi moja hadi nusu ya urefu, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Maua yatakuja hali ya hewa ikiwa kavu. Ukitaka maua ya Krismasi, pitisha kata nyepesi mwanzoni mwa Novemba.

Usikate sana Februari. Maua yatakayotokana na kata hiyo yatakutana na mvua za Aprili, na hiyo ndiyo kasoro ya 'Souvenir de la Malmaison' niliyoiahidi: petali zake ni nyingi na laini, mvua ikizilowesha zinagandana, tumba linaoza bila kufunguka. Masika yakiwa makali mimi huondoa matumba yake yote na kuuacha mmea ukuze majani.

Ua likinyauka, likate pamoja na kikonyo hadi jani la kwanza lenye vijani vitano.

Hatua ya 6: Kulisha

Samadi mara mbili kwa mwaka, baada ya kata kubwa na kabla ya vuli. Ukiongeza mbolea ya NPK 17-17-17, kiganja kimoja kwa mche kinatosha, udongo ukiwa na unyevu. Urea usiweke. Itakupa mashina marefu mororo, vidukari kwa mamia, na ule ufupi ulioutafuta utakuwa umeupoteza. Kiangazi mpe kila mche mkubwa ndoo ya lita 10 mara mbili kwa wiki, chini kwenye shina, asubuhi.

Hatua ya 7: Magonjwa

Doa jeusi huja na mvua: madoa meusi yenye kingo zilizochanikachanika, kisha jani linageuka manjano na kuanguka. Okota majani yaliyoanguka uyachome, maana ndiyo yanayobeba ugonjwa hadi msimu ujao. Ukungu mweupe wa unga huja Julai, usiku ukiwa baridi na mchana mkavu. Kwa huo kuna unga wa salfa, uleule wanaopulizia mikorosho Mtwara. Usiupulize jua likiwa kali, utaunguza majani. Vidukari waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Utitiri wa kiangazi hukaa chini ya jani, basi nyunyiza maji kutoka chini kwenda juu.

Hatua ya 8: Majirani wa mwaridi

Bustani ya kijijini Uingereza ilianza kwa watu wa kipato kidogo waliochanganya mboga, dawa na maua kwenye kipande kimoja, kwa hiyo usiogope vitunguu majani katikati ya miwaridi. Lavenda na rosemari ziweke ukingoni palipo pakavu zaidi. Mnanaa uzuie ndani ya kopo, la sivyo utamiliki tuta. Acha kila mwaridi uwe na upana wa mkono bila jirani, hewa ipite.

Mwaridi ukizeeka na kung'olewa, usipande mwingine kwenye shimo hilohilo. Mche mpya hudumaa pale mzee alipokaa. Hamisha, au toa udongo wote wa shimo, upana na kina cha nusu mita, ulete mwingine kutoka kwenye tuta la mboga.