Kirikuu: lala chini ya gari kabla hujatoa hela

Nabeba viazi kutoka Isyonje na Kikondo hadi soko la Mwanjelwa, Mbeya, huu ni mwaka wa saba, na kirikuu niliyonayo, yaani kile kipikapu kidogo cha Kijapani, ni ya pili. Ya kwanza niliinunua kwa macho. Nyeupe pee, viti bado vina nailoni, redio inaongea Kijapani. Mwezi wa nane nikiwa nayo, nashuka kutoka Kikondo na mzigo, nikasikia kitu kimelia "ka!" nyuma. Fundi aliingia uvunguni akatoka na kipande cha chesi mkononi, akakimega kama biskuti. "Mama Atu," akaniambia, "wewe ulinunua rangi."

Kwa hiyo anzia chini. Tandika boksi, lala chali, ingia na tochi na bisibisi. Gonga chesi kwa mpini: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya debe lililopasuka. Chokonoa pale springi zinaposhikia, pale bodi inapokalia chesi, na sakafu chini ya miguu ya dereva (inua kapeti, hata muuzaji akinuna). Ukikuta chini pamepakwa rangi nyeusi nzito, mpya kabisa, jiulize inaficha nini.

Kutu hiyo ina asili yake. Kule Japani, mikoa ya theluji kama Hokkaido na Niigata humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hukaa kwenye chuma. Na kirikuu za fowili, zile zinazosukumwa na magurudumu yote manne, ndizo wakulima wa huko wanazozipenda. Maana yake, gari unalolitaka kwa tope la Isyonje ndilo lenye nafasi kubwa ya kuwa limeliwa. Usiikimbie fowili, ila ilalie chini mara mbili.

Halafu injini. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, bila kupiga simu kwanza. Mbeya mwezi wa sita baridi ni dawa ya uongo: injini mbovu haiwaki vizuri. Ukifika ukakuta imeshapashwa moto, aga urudi kesho. Moshi wa bluu, inakula oili. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, maji yanaingia kwenye silinda. Fungua mfuniko wa oili. Ukiona kitu kama maziwa ya mgando, shukuru uondoke.

Kuhusu aina, sisi tunaita zote kirikuu, lakini kuna Suzuki Carry, Daihatsu Hijet, Honda Acty, Subaru Sambar na Mitsubishi Minicab. Zinafanana kwa sababu sheria ya Japani imezibana: injini isizidi cc 660, urefu mita 3.4, upana mita 1.48, mzigo kilo 350. Tofauti kubwa ni injini inapokaa. Carry na Hijet unaikalia, Acty iko chini ya bodi, Sambar za kabla ya 2012 iko nyuma kabisa. Sambar inapita kwenye mashimo kwa ulaini, nimeiendesha, lakini nikachukua Carry kwa sababu spea zake fundi wangu anazipata siku hiyo hiyo. Carry za zamani zenye injini ya F6A zinatumia mkanda wa taimingi. K6A inatumia cheni. Kama hakuna anayejua mkanda ulibadilishwa lini, badilisha kabla hujapakia hata gunia moja.

Ukiagiza Japani, omba karatasi ya mnada na utafute wa kukutafsiria. Herufi R pale gari lilipopewa alama ya ubora kwenye karatasi hiyo maana yake lilishapata ajali likatengenezwa. Bei unayoiona mtandaoni siyo bei. Kuna meli, ushuru, VAT ya asilimia 18, gharama za bandari, usajili, kisha zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar hadi huku. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao. Ingia humo kabla hujamtumia mtu hata senti.

Ukinunua hapa hapa, usidanganywe na "hii namba E, mama". Namba inasema gari liliandikishwa lini Tanzania, haisemi lilizaliwa lini. Angalia mwaka kwenye kadi. Angalia pia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari; kosa moja shilingi 30,000, na yakijikusanya yanakuwa yako.

Sasa kuendesha. Kilo 350 ni magunia matatu ya kilo mia na mtu mwembamba. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, siyo gunia la kilo mia. Najua unaona watu wanapanga sita hadi juu ya kichwa cha gari, nami nimewahi; springi zinalala, taa zinamulika mbinguni, breki zinaisha. Heri tripu mbili.

Huku juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo (turbo, ile pampu ya kusukumia hewa) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000, na Mbeya mjini tuko kama mita 1,700. Mlimani shuka gia mapema, iache ilie. Injini hizi nguvu zake ziko kwenye kelele; ukiibana na gia kubwa inatetemeka na kuchemka. Kushuka, tumia gia ileile uliyopandia, mguu kwenye breki uwe wa kugusa tu. Na kumbuka mbele yako hakuna boneti, kuna magoti yako. Kaa mbali na malori ya Tunduma.

Kwenye tope ukiwa huna mzigo, nyuma ni nyepesi na itakuzungusha. Mimi huacha gunia moja la mchanga juu ya ekseli. Weka fowili kabla ya kuingia topeni, ukishazama umechelewa. Ukifika lami kavu, itoe. Siku moja niliisahau hadi Uyole: kila kona gari linashika kama kuna mtu analivuta, stelingi nzito, nikadhani giaboksi imekufa. Nimepaki pembeni, nimeshapiga simu kwa fundi, ndipo nikaiona ile taa ya kijani kwenye dashibodi.