Namna ya Kuchagua na Kusoma Vitabu vya Kikristo Vyenye Kujenga: Mwongozo kwa Msomaji wa Dar es Salaam

Msomaji Mkristo wa Dar es Salaam hana uhaba wa vitabu. Vinauzwa nje ya makanisa baada ya ibada ya Jumapili, vinatandazwa kando ya barabara Posta na Kariakoo, na vingine hupitishwa mkononi kwenye vituo vya daladala. Kazi ngumu ni kuchagua, kwa sababu majalada yanafanana, ahadi zinafanana, na mara nyingi hata yaliyomo yanafanana. Mwongozo huu unashika kanuni moja: kitabu cha kutia moyo kinastahili kuaminiwa kwa kadiri mwandishi wake alivyoyatazama mateso bila kuyakwepa, na kwa kadiri kinavyomrudisha msomaji kwenye Maandiko yenyewe.

Anza kwa kuitaja haja yako waziwazi. Mtu aliyefiwa, kijana aliyemaliza chuo na bado anazunguka na bahasha ya vyeti akitafuta kazi, na mzee wa kanisa anayeandaa somo la jumuiya hawahitaji kitabu kimoja. Anayenunua kwa sababu tu kitabu kinasifiwa hujaza rafu, na huzuni yake hubaki palepale.

Kabla ya kutoa fedha, fungua mahali popote kitabu kinaponukuu Biblia. Kipimo kizuri ni Yeremia 29:11, aya inayopendwa sana na waandishi wa vitabu vya faraja. Maneno hayo ya mawazo ya amani yalikuwa sehemu ya barua kwa mateka waliochukuliwa Babeli, na aya ya 10, inayotangulia, inawaambia kwamba itapita miaka 70 kabla ya kurudishwa kwao. Mwandishi anayeeleza jambo hilo hamnyang'anyi msomaji tumaini, bali anampa tumaini linaloweza kustahimili kungoja. Anayelinyamazia, kisha akaahidi kazi, mchumba na kiwanja kabla ya mwaka kwisha, kitabu chake kirudishwe mezani pa muuzaji kwa heshima. Pima vilevile kinavyozungumzia ugonjwa na hasara. Kikisema kwamba kila teso ni tunda la dhambi fulani iliyofichwa, kinarudia hoja ya rafiki watatu wa Ayubu, ambao Mungu mwenyewe aliwakasirikia katika Ayubu 42:7.

Kwa aliyekata tamaa, kitabu cha kwanza hakihitaji kununuliwa, kwa maana kimo ndani ya Biblia yake: ni Zaburi. Wengi huzisoma zile za sifa tu, ilhali za maombolezo ni nyingi mno, na Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la kufariji mwishoni. Mtu aliyekesha na mgonjwa Muhimbili akaisoma, atajua kwamba kilio chake kimekwisha kupewa nafasi katika sala za waamini.

Baada ya hapo ningempa John Bunyan. Alikuwa fundi wa kuziba vyombo vya chuma mjini Bedford, Uingereza, akafungwa mwaka 1660 kwa kuhubiri bila kibali, akakaa gerezani miaka 12. Hadithi yake ya msafiri aendaye Mji wa Mbinguni, The Pilgrim's Progress, ilitoka mwaka 1678, na imetafsiriwa kwa Kiswahili. Msomaji mwenye haraka atafute sehemu ambayo Mkristo na mwenzake wamefungwa katika Ngome ya Mashaka na jitu liitwalo Kukata Tamaa, hadi Mkristo anapokumbuka kwamba muda wote amekuwa na ufunguo kifuani, nao unaitwa Ahadi. Kumbuka kwamba aliyeandika hayo alizijua kufuli za kweli.

Ambaye imani yake imepoa, au anayeona aibu kwa maisha aliyoyaishi, asome Maungamo ya Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria. Hapa ushauri wa namna ya kusoma ni muhimu kuliko sifa. Kazi hiyo ina vitabu 13, na vile 9 vya mwanzo ndivyo vinavyosimulia maisha yake, pamoja na machozi ya mama yake Monika na kuongoka kwake mwaka 386. Vinne vya mwisho vinaingia katika kumbukumbu, wakati na tafsiri ya Mwanzo, na wasomaji wengi hukwama huko wakadhani kosa ni lao. Ishia cha 9 kwa mara ya kwanza, vingine visubiri.

Kuhusu kusamehe, viwili vinatosha. The Hiding Place cha Corrie ten Boom, kilichotoka mwaka 1971, kinasimulia familia ya watengeneza saa wa Haarlem, Uholanzi, waliowaficha Wayahudi, wakakamatwa mwaka 1944. Dada yake Betsie alifia katika kambi ya Ravensbrück. Cha pili ni cha jirani zetu. Festo Kivengere, askofu wa Kianglikana wa Uganda ambaye aliwahi kufundisha Dodoma, alikimbia nchi yake mwaka 1977 baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, na mwaka huohuo akatoa kitabu kifupi chenye jina linaloshtua, I Love Idi Amin. Kwa Mtanzania anayekumbuka vita vya Kagera, au aliyesimuliwa na wazazi wake, jina hilo peke yake ni mtihani, na kwa maoni yangu hiki ndicho kinachopaswa kusomwa kwanza kati ya hivyo viwili.

Kwa mfiwa kipo A Grief Observed cha C. S. Lewis, alichokiandika baada ya kifo cha mkewe mwaka 1960 na kukitoa mwaka uliofuata kwa jina la bandia. Kurasa zake za mwanzo ni kali, kwa kuwa mwandishi analalamika kwamba mlango wa Mungu umefungwa. Kwa hiyo usikipeleke msibani pamoja na rambirambi. Subiri matanga yaanuliwe na wageni waondoke, wakati ambapo nyumba inakuwa kimya na maswali yanaanza.

Vingi kati ya hivi hupatikana kwa urahisi zaidi katika Kiingereza, lakini asiyekisoma kwa wepesi asijione amefungiwa nje. Atafute vitabu vya Kiswahili vilivyopigwa chapa hapa nchini, hasa kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika, na asome ukurasa ulio nyuma ya ule wa jina la kitabu. Peramiho na Ndanda ni chapa za Wabenedikto wa kusini. Kipalapala ya Tabora ni ya Wakatoliki pia. Vuga ya Lushoto ni ya Walutheri. Central Tanganyika Press ya Dodoma ni ya Waanglikana. Kwa kuangalia hapo tu, msomaji anajua kitabu kimetoka katika mapokeo gani, jambo ambalo jalada halimwambii. Ahesabu pia kurasa za mwisho kabla ya kulipa, maana vitabu vya mitumba hupoteza sura ya mwisho mara nyingi kuliko ya kwanza.

Unaposoma, weka Biblia mbili karibu ukiweza: Union Version ya mwaka 1952, ambayo ndiyo lugha ya mahubiri na kumbukumbu za wengi, na Habari Njema, yenye Kiswahili chepesi zaidi. Kila andiko linalotajwa lisome pamoja na sura yake nzima. Soma kidogo kidogo, kurasa chache alfajiri kabla ya foleni ya mwendokasi, na uandike katika daftari swali moja ambalo sura imekuachia badala ya kunakili sentensi nzuri.

Mkitaka kusoma katika jumuiya, chagueni kitabu chembamba. Life Together cha Dietrich Bonhoeffer, cha mwaka 1939, kinafaa, kwa sababu kilizaliwa katika maisha ya pamoja ya chuo cha wachungaji cha Finkenwalde, ambacho polisi wa Hitler walikifunga mwaka 1937. Kina sura 5, yaani sura moja kwa kila mkutano, na anayejua Kiingereza aeleze kwa Kiswahili kabla ya mazungumzo kuanza. Nakala moja ikizunguka nyumba hadi nyumba, andikeni kwenye karatasi ya ndani jina la aliyenayo na tarehe ya kuirudisha.