Jinsi ya Kusoma Telegramu ya Siri ya Vita na Kutambua Nia Zake

Mwongozo huu ni kwa walimu wenzangu wa historia wa kidato cha tano na cha sita hapa Dar es Salaam. Mfano wake ni telegramu ambayo Arthur Zimmermann, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ujerumani, aliituma Januari 16, 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kupitia ubalozi wao wa Washington ili imfikie mwakilishi wao nchini Mexico, Heinrich von Eckardt.

Hatua ya kwanza, andika ubaoni tarehe, mtumaji, njia na mpokeaji kabla ya kusoma ujumbe wenyewe.

Hatua ya pili ndiyo inayostahili muda mwingi: pitieni ujumbe sentensi kwa sentensi mkiyapigia mstari masharti yake. Wanafunzi hukimbilia ahadi ya kuirudishia Mexico ardhi ya Texas, New Mexico na Arizona, wakahitimisha kwamba Ujerumani ilipania kuivamia Marekani, jambo ambalo ujumbe hausemi. Unaanza kwa kueleza kwamba mashambulizi ya nyambizi yasiyo na mipaka (kuzamisha meli bila onyo, hata za nchi zisizo vitani) yataanza Februari 1, kisha kwamba Ujerumani itajitahidi Marekani isiingie vitani, na endapo jitihada hizo zitashindikana ndipo Mexico ipewe pendekezo la muungano pamoja na msaada wa fedha. Mwishoni unadai kuwa nyambizi zitailazimisha Uingereza kuomba amani katika miezi michache. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo nia inapojitokeza: Marekani ishughulishwe mpakani kwake hadi Uingereza isalimu amri.

Hatua ya tatu, mpimeni mpokeaji. Mexico ilikuwa imenyang'anywa ardhi hiyo katika karne ya 19, na Januari ile askari wa Jenerali Pershing wa Marekani walikuwa bado nchini humo wakimsaka Pancho Villa, kiongozi wa wanamapinduzi wa Mexico. Hata hivyo, Rais Carranza hakulikubali pendekezo.

Hatua ya nne, ambayo wengi huiruka, ni kuchunguza nia ya aliyeufichua ujumbe. Waingereza waliunasa na kuufumbua, lakini hawakuutoa mara moja, kwa kuwa wangeonyesha kwamba wanasoma mawasiliano yaliyopita katika njia za Marekani yenyewe. Walijipatia nakala nyingine iliyotumwa Mexico, wakaikabidhi Marekani Februari 24, na magazeti yakaichapisha Machi 1. Wengi walidhani ni ya kughushi, mpaka Zimmermann mwenyewe alipokiri Machi 3.

Marekani ilitangaza vita Aprili 6. Anayeandika kwamba telegramu pekee ndiyo iliyosababisha hilo mrudishie daftari, aongeze habari za meli zilizozamishwa na nyambizi.