Usaili wa uraia wa Marekani: anza na fomu yako

Barua ya usaili ikifika, wengi hukimbilia maswali ya historia na serikali na kuanza kukariri. Mimi huwaandaa watu kwa usaili huu kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, baada ya kuupitia mwenyewe, na mtu mpya akifika namuuliza kwanza: nakala ya fomu yako ya N-400, ile uliyoombea uraia, iko wapi? Asiyekuwa nayo namrudisha nyumbani akaitafute. Maswali ya historia yana majibu yaliyokwisha kuchapishwa. Majibu ya N-400 ni maisha yako, na afisa atakuwa nayo mbele yake pamoja na faili lako tangu ulipoomba kuingia nchi hii. Atayapitia moja moja, kwa Kiingereza, na hapo ndipo anapoanza kukupima lugha hata kabla hajakwambia usome chochote.

Baba mmoja alikuja kwangu akiwa anajibu maswali ya katiba bila kusita. Nikamuuliza, kama afisa angemuuliza, ana watoto wangapi walio chini ya miaka 18. Akasema watano. Fomu yake ilisema watatu. Wale wawili walikuwa wa marehemu mdogo wake, amewalea tangu wachanga, na hawajawahi kumwita baba mkubwa. Kwao ni baba tu. Kwetu hilo halina mjadala. Sheria ya Marekani lakini inatenganisha mtoto uliyemzaa, mtoto wa kambo na uliyemuasili kisheria, na afisa akiona hesabu mbili tofauti anaweza kudhani unadanganya. Kaa chini ulinganishe fomu ya sasa na yale uliyoyasema kambi ya wakimbizi au ubalozini. Ukikuta havilingani, nenda kwa wakili wa uhamiaji, au kwa mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria katika shirika la msaada, kabla ya siku ya usaili. Usimwendee yule jirani anayejazia watu fomu kwa malipo.

Vivyo hivyo kwa majina na tarehe. Wengi wetu tumeandikwa kuzaliwa Januari 1 kwa sababu karani alitaka tarehe na mwaka tu ndio uliojulikana. Ndugu wa tumbo moja wana majina ya mwisho tofauti, kila mmoja la babu yake. Kwa afisa hayo ni mambo ya kuuliza, basi tayarisha jibu fupi la Kiingereza, sentensi moja au mbili, uliseme kwa sauti mpaka lisikupe shida. Tarehe za safari za nje ya nchi ziandike kwa mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza: 04/09 ni tarehe 9 Aprili. Hata barua ya usaili isome hivyo hivyo, usije ukafika mwezi mwingine. Safari yoyote iliyofika miezi sita au zaidi itaulizwa, kwa hiyo beba ushahidi kwamba makazi yako yalibaki huku: kazi, nyumba, familia, kodi.

Halafu kuna lile rundo la maswali ya ndiyo na hapana. Haya ndiyo ninayotumia muda mwingi zaidi kuyafanyia mazoezi. Yanauliza habari za maisha yako yote, katika nchi yoyote, si tangu ufike Marekani tu. Umewahi kukamatwa? Umewahi kudai kuwa raia wa Marekani? Umewahi kujiandikisha kupiga kura? (Kuna watu waliandikishwa walipokwenda kuchukua leseni ya udereva bila kuelewa walichosaini, hakikisha mapema.) Umewahi kuwa katika jeshi, mgambo au kikundi cha waasi? Aliyetoka kwenye vita asijibu hilo kwa mazoea. Kama ulilazimishwa kubeba mizigo ya wapiganaji au kuwapa chakula, sema ukweli, lakini mweleze wakili kwanza ili ujue namna ya kulieleza.

Tatizo kubwa hapa ni heshima yetu. Tumelelewa kumwitikia mkubwa anaposema, na kichwa kinatikisika kabla swali halijaisha. Mama mmoja tuliyekuwa tukifanya naye mazoezi aliitikia "yes" kwa kila swali, likiwemo la kama amewahi kushiriki mauaji ya kimbari. Nikasimamisha kila kitu. Tangu siku hiyo kila mtu ninayemwandaa hujifunza kwanza kusema hakuelewa na kuomba swali lirudiwe au liulizwe kwa maneno mengine. Kuomba hivyo si kosa wala si kushindwa, na maafisa wameelekezwa kurudia na kubadili maneno. Jibu baada ya kuelewa. Afisa anaweza pia kukuuliza maana ya neno lililomo ndani ya swali, hasa maneno ya kiapo cha uraia: utii kwa nchi, kubeba silaha kuitetea. Ujue kuyaeleza kwa Kiingereza chepesi.

Lolote lililobadilika tangu utume fomu, kazi, anwani, mtoto aliyezaliwa, faini ya barabarani, safari, liseme afisa anapofika sehemu hiyo. Ukihama, USCIS, yaani idara ya uraia na uhamiaji, wanatakiwa wajue ndani ya siku 10. Mwanamume aliyeishi hapa akiwa na miaka kati ya 18 na 26 abebe uthibitisho wa kujiandikisha Selective Service, daftari la wanaoweza kuitwa jeshini. Mwenye deni la kodi abebe makubaliano ya kulilipa.

Kusoma na kuandika kusikutishe. Unasoma sentensi moja sawasawa kati ya tatu, na unaandika moja kati ya tatu unazosomewa, siku hizi mara nyingi kwenye tableti kwa kalamu yake, basi jizoeze kuandika kwenye kioo. Kosa dogo la herufi linasamehewa kama maana inabaki. Usifupishe neno lolote.

Maswali ya uraia yanategemea ulituma fomu lini. Aliyetuma kabla ya Oktoba 20, 2025 anasoma orodha ya maswali 100, anaulizwa mpaka 10 na anatakiwa apate 6. Aliyetuma tarehe hiyo au baadaye anasoma 128, anaulizwa mpaka 20 na anatakiwa apate 12. Majina ya walioko madarakani yaangalie kwenye tovuti ya USCIS wiki ya usaili. Wazee wana nafuu: mwenye miaka 50 na grini kadi ya miaka 20, au 55 na grini kadi ya miaka 15, hafanyi mtihani wa Kiingereza na anajibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Mwenye 65 na grini kadi ya miaka 20 anasoma maswali 20 tu, anaulizwa 10, anatakiwa 6. Aliyeingia kama mkimbizi ahesabu vizuri, maana grini kadi yake huanza kuhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini. Na mgonjwa asiyeweza kujifunza daktari wake anaweza kumjazia N-648, fomu ya kuomba asamehewe mtihani.

Siku yenyewe beba barua, grini kadi, kitambulisho cha jimbo, pasipoti zote hata zilizokwisha muda, vyeti halisi vya ndoa na talaka, na hati za mahakama kwa kila kesi hata iliyofutwa. Fika mapema, utapita ukaguzi mlangoni. Ukiingia chumbani utaapa kusema kweli kabla ya mahojiano kuanza. Mwangalie afisa usoni. Kuinamisha macho kwao si adabu, ni dalili ya kuficha jambo.

Ukitoka utapewa karatasi ya matokeo, N-652. Ukifeli Kiingereza au uraia utaitwa tena kati ya siku 60 na 90, kwa sehemu uliyofeli tu. Ukikataliwa kabisa una siku 30 za kuomba usikilizwe upya kwa fomu N-336, na hapo usiende bila wakili. Ukifaulu, bado hujawa raia mpaka ule kiapo, kwa hiyo usijiandikishe kupiga kura kabla. Siku ya kiapo utarudisha grini kadi na kupewa cheti cha uraia. Kabla hujatoka ukumbini hakikisha jina na tarehe kwenye cheti viko sawa. Na wanao walio chini ya miaka 18, wenye grini kadi na wanaoishi nawe kwa malezi yako, wanakuwa raia siku hiyohiyo bila usaili. Waombee pasipoti mapema, uthibitisho uwepo mkononi.